Jiko la Kuonyesha Wageni

Barua yangu ya kuachishwa kazi inasema nilikutwa na mkaa nyumbani, "kinyume cha sera ya shirika ya kutunza mazingira." Hilo ni kweli. Mkaa ulikuwa wangu, magunia mawili, na nilikuwa napikia mkaa tangu mwezi wa kwanza nilioajiriwa kuwafundisha wakimbizi wasiupikie. Sitaki mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kasingirima anionee huruma kwa hilo. Lakini nimechoka kusemwa bombani na sokoni na watu wanaodhani kisa kilianzia na kuishia kwenye magunia mawili, wakati aliyeniandikia barua ana milango mitano ya mninga kwenye nyumba yake ya mtaa wa Mwanga, na analala usingizi mzuri nyuma yake. Kwa hiyo nasema mara moja, kisha asiniulize mtu tena.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Warundi walikuwa wamejaa kambi za huku kwetu, na vilima vya kando ya kambi vilikuwa vimeanza kubaki vipara. Shirika letu lilikuja kwa ajili ya vilima hivyo. Kila gari letu lilichorwa mti wa kijani mlangoni, na turubai la kufunikia mizigo nalo lilichorwa mti huohuo. Mimi, Marcelina, nilikuwa mwalimu wa majiko. Jumatatu asubuhi gari linatupeleka kambini, Ijumaa jioni linaturudisha Kigoma, na siku za katikati nazunguka mlango kwa mlango nikifundisha kujenga jiko la udongo wa kichuguu lenye mdomo mmoja mdogo wa kuni. Ni jiko zuri, silisingizii. Likijengwa vizuri na kukaushwa wiki mbili kivulini, linapika kwa nusu ya kuni za mafiga matatu.

Ila nusu ya kuni bado ni kuni. Chakula walichogawiwa kilikuwa mahindi ya punje na maharage yaliyokaa ghalani mpaka yakawa kokoto. Ukiyabandika asubuhi, mchana bado unayasikia yakigonga sufuria. Watu walewale waliowapa chakula kinachotaka saa nne za moto ndio waliowaambia wasiguse mti. Nililiona hilo tangu wiki ya kwanza. Nilisema nini? Nilisema, "Akina mama, mloweke maharage."

Kaya iliyokuwa na jiko letu ilipewa kibali cha kuni, na kibali hicho ndicho kisa chenyewe, kwa hiyo mnielewe vizuri. Wenye kibali walitoka Jumanne na Ijumaa, wanawake sitini, themanini, pamoja, sungusungu wa kambi mbele na sungusungu nyuma. Waliokota matawi makavu yaliyoanguka, wakarudi pamoja wakiimba. Asiye na kibali alitoka kwa kujiiba, alfajiri, peke yake, na porini kulikuwa na watu. Hakuna mama kambini aliyehitaji kuelezwa tofauti ya safari hizo mbili.

Mkuu wetu, Bwana Anatoli, alikuwa hodari wa kuhubiri. Akiona karatasi imeandikwa upande mmoja tu, anaiinua mkutanoni na kuuliza nani ameua nusu ya mti. Akikuta ganda la ndizi njiani na wageni wapo, anainama mwenyewe kuliokota. Na kila Ijumaa tukishaiacha kambi, Bonifasi dereva anasimamisha gari pale wachoma mkaa wanapopanga magunia kando ya barabara. Tunapakia, tunafunika turubai lenye mti, tunaendelea na safari. La kwanza kupakiwa lilikuwa la Bwana Anatoli siku zote. Mimi nilijiambia nisipochukua, mwenzangu atachukua. Ukweli ni kwamba sikutaka macho yangu yaumwe na moshi kama ya wale niliowafundisha.

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa mama mmoja aitwaye Révérienne. Alivunjika nyonga njiani wakati wa kukimbia, ikaunga vibaya, akawa anatembea kwa kuegemea fimbo. Alikuwa na binti mmoja, Arakaza, wa miaka kumi na sita, na kwa jina la binti huyo ndivyo tulivyomwita: Mama Arakaza. Udongo ulimtii. Nilimfundisha mara moja, na wiki iliyofuata jiko lake lilikuwa bora kuliko lolote nililowahi kujenga mimi. Siku hiyo aliniuliza, akiwa bado na tope hadi viwikoni, "Mwalimu, na wewe kwako unapikia nini?"

"Jiko hilihili," nikamwambia.

"Ego," akasema, yaani ndiyo, akaendelea kulainisha mdomo wa jiko.

Sasa sikilizeni walichofanya, yeye na majirani zake watatu. Kwetu Buha na kwao Burundi kuna desturi moja inaitwa kurahura. Mtu hawashi moto kama jirani anao. Unachukua kigae, unakwenda kwake asubuhi, anakupa kaa la moto, unarudi nalo. Bibi yangu aliishi hivyo, na kiberiti kimoja kilimaliza mwaka. Wale akina mama wanne waliona kubeba kaa kwenda kuwasha mioto minne ni kupoteza kuni. Wakageuza: moto ubaki kwa Mama Arakaza, sufuria ndizo zitembee. Maharage ya kaya nne yalichemka sufuria moja kubwa tangu alfajiri, kisha kila mmoja alikuja kwa zamu yake kusonga ugali. Majiko mengine matatu yakakaa baridi. Moja lilitagiwa mayai na kuku. Kambi nzima hapakuwa na watu waliotumia kuni kidogo kama wao, na hakuna semina iliyowafundisha.

Mwezi wa sita tukaletewa fomu ya ukaguzi. Swali la nne: Je, jiko linatumika? Ndiyo, hapana. Nilifika kwa akina Mama Arakaza siku ya Ijumaa saa kumi, wa mwisho kwenye orodha yangu, na Bonifasi alikuwa anapiga honi barabarani kwa sababu Bwana Anatoli ameshaingia garini na wachoma mkaa hawasubiri. Nikatazama majiko matatu ya baridi. Nilijua kwa nini ni ya baridi. Nilishakula maharage ya ile sufuria moja. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hayo, na honi ilikuwa inalia. Nikaweka alama: hapana, hapana, hapana. Nikakimbilia gari.

Baada ya wiki mbili likatoka agizo. Kaya zisizotumia jiko ni kaya zinazokaidi utunzaji wa mazingira, zifutiwe kibali. Na Mama Arakaza, ambaye jiko lake liliwaka mchana kutwa, akafutiwa pia kwa kosa la "kuwashawishi wenzake." Majina manne yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi, upande mmoja wa karatasi.

Walivumilia kwa kuni za akiba, kisha kwa kuomba. Wiki ya tatu, kwa kuwa mama yake hawezi kutembea mbali, Arakaza alitoka peke yake alfajiri ya Jumatano. Alirudi jua limeshapanda, bila kuni, bila kitenge alichotoka nacho, na kwa siku mbili hakusema neno.

Mama yake ndiye aliyenieleza, ameketi kwenye kigoda kando ya jiko. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mwalimu, siku ile ulikuwa unawahi wapi?"

Nikainuka, nikaaga. Nilikuwa nawahi mkaa.

Nilikwenda kwa Bwana Anatoli siku hiyohiyo. Nikamweleza sufuria moja, kaya nne, kurahura, kila kitu. Nikamweleza na ya binti. Aliposikia ya binti alivua miwani na kusema ni jambo la kusikitisha sana. Kisha akaivaa tena. "Lakini takwimu zimeshafika makao makuu, Marcelina. Nikizibadilisha leo, kesho wataniuliza nyingine ngapi ni za uongo."

"Hizi ni za uongo, Mkuu."

"Umeziandika wewe," akasema.

Wiki moja baadaye akaniita mwenyewe, uso umebadilika. Mama Catherine, mkubwa wetu wa Dar es Salaam, anakuja. Angefika kambini Jumatatu, lakini Jumamosi anataka kula chakula cha mchana Kigoma, nyumbani kwa mwalimu wa majiko, aone tunavyoishi yale tunayofundisha. Katika ripoti zake zote Bwana Anatoli alikuwa ameandika kwamba watumishi wote wa shirika hupikia jiko la udongo majumbani mwao.

"Jiko unalo?" akaniuliza.

"Unajua sina."

"Mpaka Jumamosi utakuwa nalo."

Hapo nikaona upenyo wangu. Nikamwambia nitalijenga, nitapika, nitacheka na mgeni, ila kaya nne zirudishiwe kibali. Akasema mgeni akiondoka ameridhika, Jumatatu anasaini. Nikasema asaini sasa. Akasema Jumatatu. Nikakubali, maana yeye ndiye mwenye mhuri.

Mimi nafundisha kwa mdomo, si kwa mikono. Jiko langu lingebomoka mbele ya mgeni. Nikamfuata Mama Arakaza, nikamweleza mpango wote bila kuficha. Alinisikiliza, akauliza kama kibali kitarudi kweli, nikasema ndivyo alivyoahidi. Akachukua fimbo yake. Bwana Anatoli akamwandikia karatasi ya kutoka kambini inayosema anakwenda hospitali ya Kigoma kutibiwa nyonga, nyonga ambayo kwa miaka miwili hakuna aliyeitazama.

Ijumaa hiyo tulisimama kwa wachoma mkaa kama kawaida. Nilidhani kwa sababu yake tungepita. Bonifasi akapakia magunia matano nyuma, alipokaa Mama Arakaza, na kwa kuwa nafasi haikutosha, ikabidi mama huyo ayakalie. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Tulikwenda mwendo mrefu, vumbi linatuingia, yeye ameshikilia turubai lenye mti lisipeperuke.

"Haya nayo ya jiko hilihili?" akaniuliza.

Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata la kumjibu. Alikung'uta weusi kwenye kitenge chake, akageuza uso kutazama barabara, na mimi nikabaki na aibu yangu imenijaa mdomoni. Gari lilipopita Mwanga, magunia matatu yakashushwa kwa Bwana Anatoli. Mawili yakaja kwangu.

Jiko lilijengwa jioni hiyo kwenye kibanda changu cha kupikia. Mama Arakaza alinionya tangu mwanzo kwamba udongo mbichi haupiki. Jiko likipewa moto kabla halijakauka linapasuka na kutoa moshi wa kufukuza nyuki. Nilijua, mimi ndiye niliyemfundisha. Bwana Anatoli alikuja kukagua, mikono nyuma, akasema si lazima lipike, la muhimu lionekane. Basi likageuka jiko la kuonyesha. Mama Arakaza akakwangua masizi kwenye masufuria yangu, akayachanganya na majivu, akalipaka mpaka likaonekana la miaka mitatu. Ilimchukua muda kuliko kulijenga. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi ya uongo kwa ufundi wa kweli namna ile, na nilijua anafanya kwa ajili ya nani.

Asubuhi ya Jumamosi maharage yakabandikwa uani, nyuma ya banda la kuku, kwenye jiko langu la mkaa. Yaliiva kwa saa tatu na nusu. Mgeni alipokaribia tukayahamishia kwenye jiko la udongo, tukachomeka kuni tatu zinazofuka kidogo, na jiko la mkaa likabaki uani na makaa yake.

Mama Catherine alikuja kwa miguu. Alikataa kupanda gari kutoka hotelini, akasema magari yanachafua hewa na mwili unahitaji kutembea. Bonifasi akamfuata nyuma na gari, gia ya kwanza, injini ikinguruma kutoka mjini hadi Kasingirima, asije akachoka. Alikuwa mama wa makamo, mpole, kapu la ukindu mkononi kwa sababu hagusi mifuko ya rambo. Nilimwamkia, shikamoo mama, akanikumbatia. Ningependa kusema alikuwa mnafiki kama sisi. Hakuwa. Kila alichosema alikiamini, na hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote baadaye.

Bwana Anatoli akamtambulisha Mama Arakaza: mmoja wa wanufaika wetu, yuko mjini kwa matibabu, mwalimu kwa moyo wake amemkaribisha nyumbani. Mtu huyo anajua kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama Catherine akampa mkono Mama Arakaza kwa mikono miwili, akainama kwenye kibanda na kulitazama jiko.

"Maharage yote haya, kwa kuni tatu?"

"Tatu tu, mama," akajibu Bwana Anatoli.

Akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Tukala barazani, ugali wa muhogo, samaki wa ziwani aina ya mgebuka, na maharage. Mama Arakaza hakukaa nasi mezani. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, sahani mapajani, na hakuna aliyemwambia asogee. Mgeni aliyasifu maharage mara mbili. Alikuwa anatafuna polepole, anafikiri, kisha akaweka kijiko.

"Bwana Anatoli, nimepata jambo hapa," akasema. "Kama maharage ya watu wengi namna hii yanaiva kwa kuni tatu, vibali vya siku mbili kwa wiki ni vya nini? Wanawake themanini, mara mbili kila wiki. Sasa naelewa msitu unakwenda wapi. Kila kaya ina jiko, sivyo? Basi siku moja kwa mwezi inatosha. Tena kwa kambi nzima. Nitaliandika leo hii kabla halijanitoka."

Nilimtazama Bwana Anatoli. Alijua. Alijua maharage yalipoivia, alijua nani alitoka alfajiri na nini kilimpata. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea baraka.

"Wazo zuri sana, mama. Litatufanya kambi ya mfano."

Sasa niseme langu, kwa sababu nimeahidi kusema yote. Nilinyamaza. Tonge lilikuwa mkononi na nikanyamaza. Nilifikiria mshahara, nikafikiria kwamba labda Jumatatu atazisaini zile kaya nne hata kama nyingine zote zitafutwa, nikafikiria maneno mengi ya mtu mwoga. Uongo wangu ulikuwa umeketi mezani unakula, na kabla ya jioni ungewapeleka binti za watu porini mmojammoja, kambi nzima. Na bado nilinyamaza.

Aliyeinuka ni Mama Arakaza. Alishika fimbo yake, akapita kando ya nyumba taratibu kwenda uani. Bwana Anatoli akaendelea kuzungumza. Mama Arakaza akarudi bila fimbo, anachechemea, amelibeba jiko langu la mkaa kwa vitambaa viwili, makaa bado mekundu chini ya majivu. Akaliweka sakafuni mbele ya miguu ya mgeni.

"Maharage yameivia hapa," akasema. "Tangu asubuhi. Lile la udongo bado bichi, mama, nimelijenga jana. Uliguse."

Kisha Bwana Anatoli akasimama, na alichosema sitakisahau mpaka nife.

"Umeona, mama? Hawa ndio wanaotumalizia msitu. Tunawafundisha, wanaitikia, kumbe wanatembea na mkaa wao mpaka mjini. Na karatasi yake inasema hospitali. Huyu hana ruhusa ya kuwa hapa. Bonifasi, lete gari, tumpeleke polisi."

Alisema bila kukonyeza, bila kuona haya. Nadhani alipofika katikati ya maneno yake alikuwa ameshayaamini. Na macho yake yalinitazama mimi, yakiniachia nafasi: nikae kimya tu, kama nilivyozoea, na kila kitu kitakuwa cha yule mkimbizi. Mkaa wake, uongo wake, jela yake.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na ninaomba radhi tu kwa kuwa ilichelewa.

"Keti," nikamwambia mkuu wangu wa kazi. "Mkaa ni wangu."

"Marcelina."

"Ni wangu. Ngoja."

Nilikwenda uani nikalikokota gunia, lile ambalo halijafunguliwa. Lilikwaruza baraza yote na kuacha mstari mweusi. Nikalikata kamba na kulimwaga miguuni pao, mkaa wote, ukafika hadi kwenye viatu vya Bwana Anatoli. "Na lingine lipo," nikasema. "Yamekuja jana kwenye gari la shirika, chini ya turubai letu, na huyu mama amekaa juu yake kwa sababu hatukumpa pa kukaa. Napikia mkaa tangu niajiriwe. Jiko la udongo sijawahi kuwa nalo hata siku moja. Bonifasi, umeshusha magunia mangapi Mwanga?"

Bonifasi alikuwa amesimama langoni na ufunguo mkononi. Alimtazama Bwana Anatoli, akatazama kandambili zake.

"Matatu," akasema.

Nikaendelea. Nilimweleza Mama Catherine majiko matatu ya baridi na sufuria moja ya kaya nne. Nikamweleza alama zangu tatu za hapana na honi iliyokuwa inalia. Nilipofika kwa Arakaza nilimtazama mama yake kwanza, akainamisha kichwa kuniruhusu, nikasema. Nilisema yote kwa sauti ambayo jirani zangu waliisikia, na ndiyo maana leo kila mtu ana toleo lake.

Mama Catherine alikuwa amebadilika rangi. Nilisubiri amgeukie Bwana Anatoli. Nilitaka nione. Hakumgeukia. Alimgeukia Mama Arakaza, aliyekuwa amerudi kuketi mkekani, nyonga imeuma kwa kubeba jiko, na akamwuliza kwa uchungu wa kweli kabisa, machozi yakimlengalenga:

"Na wewe mama, kwa nini ulikubali kunidanganya?"

Unafiki wa Anatoli naujua, ni ndugu wa wangu, tunaamkiana. Lakini mtu mwenye moyo safi ambaye amekula maharage, akasifu, akawafutia watu elfu kumi njia salama kabla hajanawa mikono, kisha anamwuliza yule mama kwa nini amemwumiza, huyo sikuwa na neno la kumwambia.

Mama Arakaza alikuwa nalo.

"Mimi nimepika," akasema. "Nimepika nilipoambiwa nipike, kwa moto nilioupata. Kama ungeuliza, ningekujibu. Mama, kuni za kwangu zimeisha jana. Jumanne binti yangu atatoka tena, karatasi iwepo isiwepo, maana maharage mabichi hayaliwi. Nimetaka mlijue hilo mkiwa mmeshiba."

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha vumbi la mkaa juu ya meza. Mama Catherine akaanza kupekua kapu lake. Akatoa daftari, akaendelea kupekua, akasema kwa sauti ndogo kwamba kalamu ameiacha hotelini. Bwana Anatoli alikuwa na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, zinaonekana na kila mtu. Aliangalia ukuta.

Nilinyoosha mkono juu ya sahani, nikaichomoa moja mwenyewe.

"Siku mbili kwa wiki, kambi nzima, kama ilivyokuwa," nikamwambia Mama Catherine. "Halafu hizi kaya nne, majina yao. Yaandike sasa hivi, hapahapa, na saini yako chini."

Akaishika kalamu. Mama Arakaza akasogea karibu na meza, akaegemea kiti kilichokuwa cha Bwana Anatoli, akaanza kutaja: Kubwimana, Niyokwizera, Bucumi. Alisubiri kila jina liishe kuandikwa kabla ya kutaja linalofuata, akiufuata mkono wa mgeni kwa macho, na lake akalitaja la mwisho.